Nyumba Iliyolala Kwenye Picha

Nilitoka Malaba nikiwa nimemaliza kidato cha nne, na sikuwa na haraka ya kufika popote. Hilo lilinifaa, kwa sababu mtu niliyemfuata naye hakuwa na haraka. Aliitwa Mzee Okumu, mpiga picha wa kuzunguka masoko, na mali yake yote ilikuwa kamera mbili, stendi ya miguu mitatu, na pazia kubwa lililochorwa ndege ikiruka juu ya bahari. Kazi yangu ilikuwa kubeba pazia. Nilidhani tunaelekea Nairobi moja kwa moja. Tulichukua karibu mwaka mzima, kwa sababu Mzee hakuweza kupita penye siku ya soko bila kupiga kambi: Bungoma, Webuye, Turbo, Burnt Forest, na mji mwingine mdogo ambao jina lake sikumbuki ila nakumbuka viazi vyake. Kule Molo mvua ilitunyeshea wiki nzima, bahari yetu ikaota kuvu ikawa ya kijani. Nilidhani biashara imekwisha. Watu wa Nakuru waliipenda zaidi ya wote. Waliamini ndege ile inapita juu ya mashamba ya chai ya Kericho, na Mzee hakuona sababu ya kuwasahihisha.

Nairobi tuliingia alfajiri, juu ya lori la kabeji kutoka Kinangop, mimi nimelala juu ya pazia ili upepo usilichukue. Tukashushwa sokoni, tukatembea hadi soko la nyama la Burma, na pale nyuma ya mabucha Mzee akakodi chumba kimoja chenye dirisha moja. Hicho ndicho kilikuwa studio. Ninyi mnaofanya kazi hapo sasa, mnaonung'unika kwamba feni ina kelele, mjue hatukuwa hata na feni. Tulikuwa na moshi wa nyama choma, bure, tangu saa nne asubuhi.

Siku yangu ya kwanza sikugusa kamera. Nilipewa kitambaa. Wateja wa picha za kitambulisho na pasipoti walikuwa wakipitia kwanza kwenye nyama, na walipokaa kitini videvu vyao viling'aa mafuta kuliko balbu. Nikawa mpangusa videvu. Nilikutana na wazee wa reli, makarani wa halmashauri, wachuuzi kutoka Eastleigh, wote nikawashika kidevu kwa heshima. Hakuna shule inayofundisha watu kama hiyo. Siku ya tatu Mzee aliniruhusu kuchungulia kwenye kioo cha kamera, na nilipotaka kusifu jinsi mteja alivyokaa, akanikatiza. Alisema kabla hujaangalia mtu, angalia ukuta ulio nyuma yake.

"Ukuta ukilala," alisema, "hata padri ataonekana mlevi."

Alikuwa na pima maji ndogo ya fundi, ile yenye povu la hewa ndani ya kichupa, ameifunga kwa mpira juu ya kamera. Kabla ya kila picha aliliangalia povu lile mpaka litulie katikati. Wateja walilalamika kwamba shingo zinauma. Yeye alisubiri povu. Kwa miaka mingi nilidhani ni ukaidi wa uzee tu.

Mzee Okumu alirudi kwao Samia macho yalipoanza kumchosha, akaniachia chumba, kamera pamoja na pima maji yake, na lile pazia. Pazia lilikuwa limechoka kuliko yeye. Baadaye filamu zikaisha madukani, zikaja kamera za dijitali, halafu zikaja simu, na siku za kuzaliwa zikatutoka mkononi moja baada ya nyingine. Kwanza tulipoteza keki, kisha ubatizo, kisha hata wafu: niliwahi kwenda mazishini Kaloleni nikakuta watu wameliinulia jeneza simu nyingi kuliko maua. Nilikuwa mtu wa kutembea kwa asili, na kukaa chumbani nikisubiri mtu aje hakukunifaa. Nikatoka nje. Nilianza kupiga picha nyumba.

Huko Tassia na Pipeline nyumba za kupangisha zilikuwa zikiota kama uyoga, na kila mwenye ploti alitaka picha za kuweka mtandaoni. Kazi ilionekana rahisi hadi niliposimama mlangoni mwa bedsita ya kwanza, chumba kimoja cha kila kitu, na lenzi yangu ya kawaida, ile ya milimita hamsini. Niliona sinki. Nikajibana ukutani nikaona sinki na nusu ya dirisha. Ingenibidi nipige picha kumi nizibandike pamoja kama viraka. Nje ndiyo ilikuwa mbaya zaidi: barabara nyembamba, gorofa inatazamana uso kwa uso na gorofa nyingine, na ukitaka kurudi nyuma ili uione nyumba nzima, mgongo wako uko ukutani tayari. Hapo ndipo nilipoanza kusikia habari za lenzi pana sana, kuanzia milimita ishirini kushuka chini. Kadiri namba inavyopungua, ndivyo inavyomeza zaidi.

Nianze na yale niliyojifunza kwa kukosea, ili ninyi mkosee mengine. Kwanza, lenzi pana haileti kitu karibu, inakisukuma mbali. Asubuhi moja ya Januari, hewa ikiwa safi, nilipanda juu ya gorofa Embakasi kwa sababu msimamizi aliniambia Kilimanjaro unaonekana. Ulionekana kweli, mweupe, mtulivu, mkubwa kama ahadi. Nikaupiga kwa lenzi pana niliyoazima. Nyumbani nilipoifungua ile picha nikaona matangi ya maji meusi kumi na kitu, kamba za nguo, paka, na kule mwisho kabisa kitu kama kichuguu kilichomwagiwa chumvi. Tangu siku hiyo nikitaka mlima nabeba lenzi ndefu. Lenzi pana naibeba kama nina kitu kizuri miguuni pangu: jiwe, mto, reli, hata tangi la maji likiwa na sura. Kilicho karibu ndicho kinachobeba picha. Mlima unakuja kama mgeni.

Pili, mtu usimweke pembeni. Nilimpiga mwenye ploti mmoja amesimama kando ya lango lake, lenzi ikamvuta kiuno upande mmoja, akawa mpana kuliko lango. Alinunua picha zote ili zisionekane.

Tatu ndilo kubwa, na ndilo lililonipa kesi ngumu kuliko zote.

Kulikuwa na mama mmoja, muuza nyama wa pale Burma, tukimwita Mama Ciru. Nilimjua tangu enzi za kupangusa videvu. Alijenga nyumba ya gorofa sita kule Tassia, pole pole, sakafu moja kwa miaka miwili mitatu, na fundi wake alikuwa mmoja tangu msingi hadi paa: Fundi Ndung'u wa Murang'a, mtu mpole anayeongea kama anayelipia kila neno. Nyumba ilipokamilika nilijipendekeza niipige picha. Mama Ciru alicheka, akaniambia ana ejenti wa kumtafutia wapangaji, anayeitwa Evans, na Evans ana simu mpya.

Evans akasimama barabarani, akagundua nyumba haiingii yote. Akabonyeza ile alama ya simu inayopanua, nyumba bado haikuingia kileleni, basi akaiinamisha simu nyuma mpaka paa likaonekana. Akapiga. Akaiweka kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji wa mtaa ule, na chini yake akaandika kwamba vimebaki vyumba viwili vya kupangisha.

Sasa, ukiinamisha lenzi pana kuelekea juu, kuta zinakimbiliana kileleni. Nyumba inaonekana inaanguka kwa kisogo. Lenzi ya kawaida nayo hufanya hivyo, ila kidogo, na jicho husamehe. Lenzi pana haina huruma. Pengine mtaa mwingine watu wangeona picha mbaya tu wakaendelea na maisha. Lakini sisi tumeishi na habari za gorofa zinazoporomoka, tunamjua jirani wa binamu yetu aliyeamka akakuta ufa. Mtu wa Tassia akiona nyumba imelala hafikirii lenzi hata kidogo. Anafikiria godoro lake.

Nilisikia habari kwa mpangaji wa gorofa ya nne, Baba Brian, dereva wa lori la takataka, mwenye sauti ya kutosha ploti tatu. Alikuja studio kupiga picha ya leseni, akaniwekea simu mbele ya pua.

"Kameraman, wewe ni mtu wa picha. Hii nyumba imelala ama haijalala?"

Nikamwambia picha imelala. Nyumba sijui.

"Basi mimi sitangoja kujua," akasema. "Nimehamisha mke na friji. Mimi na kochi tunafuata kesho."

Nilimuuliza amehamia wapi. Amehamia ng'ambo ya barabara, kwenye gorofa ya kijani iliyotazamana na ile ya Mama Ciru. Kijani haikuwa imepigwa picha na mtu yeyote, kwa hiyo ilikuwa imesimama wima kabisa. Wapangaji wengine saba walikuwa wamemfuata. Wengine walikuwa wamefunga vyombo wakisubiri mwisho wa mwezi.

Jioni ile Mama Ciru alikuja mwenyewe, na aproni ya bucha bado kiunoni. Hakuketi. Alisema miaka yake yote ya kukata nyama iko ndani ya ile nyumba. Fundi Ndung'u alikuwa amekataa kula tangu asikie, kwa sababu watu walikuwa wakimpigia kuuliza ni nyumba zipi nyingine alizojenga, ili wazihame pia. Kisha akaniambia alichotaka, na kilikuwa kitu kidogo.

"Chukua hii ya Evans uinyooshe. Si mnanyoosha kwa kompyuta?"

"Tunanyoosha, Mama. Ni dakika moja."

"Basi nyoosha."

"Nikiinyoosha kwa kompyuta, itasimama hata kama inaanguka."

"Kwani wewe unadhani inaanguka?"

"Sijui, Mama. Ndiyo maana sitainyoosha."

Nilidhani atanitukana, na ana ulimi wa kutosha. Badala yake alivua aproni, akaikunja, akauliza ni nini kinachoweza kupiga nyumba bila kuilaza na bila kuinyoosha. Nikamwambia kipo, ila sina.

Kesho yake nilipanda hadi mjini, kwa muuzaji mmoja wa lenzi zilizotumika ambaye duka lake lina upana wa mlango wake. Tafadhali someni hapa polepole, maana hili ndilo swali mnaloniuliza kila wiki. Nilijua ninachotaka. Ili nyumba isilale, kamera isiiname. Povu likae katikati. Kamera ikiwa wima, nusu ya picha inakuwa barabara na matope, na kilele cha nyumba kinakatwa. Dawa yake ni lenzi pana kiasi kwamba hata kamera ikiwa wima, kilele kinaingia chenyewe. Matope unayakata baadaye. Kwa hiyo upana si wa kufanya bedsita ionekane ukumbi. Upana ni wa kukuwezesha usiiname.

Yule muuzaji alinitolea ya kwanza, fupi, nyepesi, kioo kimetokeza kama jicho la mtu aliyeshtuka. Wanaiita jicho la samaki. Inaona kila kitu hadi viatu vyako, lakini inapinda kila mstari ulio mbali na katikati. Nyumba ya Mama Ciru ingekuwa pipa. Nikairudisha.

Ya pili ilikuwa ya milimita kumi na nne, mpya, ina mwanga mwingi wa kupigia gizani, na muuzaji aliipenda kama mtoto wake. "Hii ni kali, bro," alisema. "Hata choo cha Pipeline kinakuwa sebule." Niliomba nitoke nayo nje. Ng'ambo ya njia kulikuwa na mlango wa chuma wa kukunja, mistari yake imelala sambamba juu hadi chini, mtihani mzuri kuliko vitabu. Nikafunga kamera kwenye stendi, nikatuliza povu, nikaweka ukingo wa mlango karibu na ukingo wa picha. Kisha nikakuza picha kwenye skrini. Mistari iliinuka katikati, ikashuka, ikainuka tena mwishoni, kama masharubu ya askari wa zamani. Kwa mlima au pwani hutaliona hilo kamwe. Kwa ukuta ambao watu wanataka kujua kama umepinda, ni ushahidi wa uongo. Na ule mwanga mwingi sikuuhitaji. Nyumba haikimbii, ukiwa na stendi unaweza kuisubiri.

Ya tatu alikuwa ameificha nyuma, kwa sababu ilikuwa imechubuka na haikuwa na hadhi. Inaanzia milimita kumi na mbili, nzito kama pasi ya makaa, inaingiza mwanga kidogo, kioo cha mbele kimetokeza hivi kwamba huwezi kufungia kichujio chochote, na jua likikupiga ubavuni inakujazia picha madoa. Muuzaji alinitajia kasoro zake zote ili ninunue ya pili. Nikaipeleka nje. Mistari ya mlango ikakaa kama ilivyotoka kiwandani, hadi pembeni kabisa. Pembe zilikuwa na ukungu kidogo nilipofungua tundu la mwanga lote. Nilipolibana hadi kumi na moja zikasafika. Nikamwambia nachukua hiyo.

"Hiyo ni ya wazee," alisema.

Nikamwambia namiliki pia pazia la bahari.

Jumamosi asubuhi tulikutana Tassia. Fundi Ndung'u alikuja na timazi yake ndani ya soksi: kipande cha shaba chenye ncha, na kamba nyeupe ndefu. Kwa msiowahi kusimama karibu na mjenzi, timazi ikining'inia haidanganyi mtu, inajua chini ni wapi. Wazo letu lilikuwa jepesi. Kamba ishuke kutoka paa hadi chini mbele ya ukuta, na iingie kwenye picha. Kama lenzi inapinda vitu, itaipinda na kamba. Kama kamba imenyooka kwenye picha na ukuta haufuatani nayo, basi tatizo ni ukuta, na wote tuhame.

Mama Ciru alisimama langoni mwake. Wapangaji walijaa barabarani, wale waliohama na wale waliokuwa na vyombo kwenye magunia. Evans alikuwepo pia, nyuma kabisa, simu mfukoni.

Ili nipate katikati ya urefu wa nyumba niliomba kupanda gorofa ya pili ya ile ya kijani, na Baba Brian akanipeleka kwenye veranda yake mpya kama mwenyeji wa siku nyingi. Niliposimamisha stendi, povu lilikataa kukaa. Ilinibidi nirefushe mguu mmoja karibu kiganja. Sikulifikiria, veranda huinamishwa ili maji ya mvua yatoke. Fundi alifunga kamba juu ya paa kwenye kipande cha ubao kilichotokeza nje ya ukuta, akaishusha. Upepo ukaichezea. Akaagiza ndoo ya maji iwekwe chini, timazi ikachovywa ndani yake, na kamba ikatulia pale pale. Nilitazama povu. Nikapiga tatu, tundu kumi na moja, bila kugusa kitu zaidi.

Nikashuka na kamera, nikaigeuza skrini. Vichwa vikaja. Ukuta ulikwenda juu, kamba ilikwenda juu, na nafasi kati yao ilikuwa ileile chini kama juu. Chini kabisa Fundi aliweka kipande kingine cha ubao, cha kipimo kilekile cha juu, kati ya kamba na ukuta, kikaingia bila kusukumwa wala kucheza. Akakishikilia hapo, ili kila anayetaka aje aone. Walikuja wengi. Wengine walijaribu kukisukuma wenyewe.

Baba Brian aliangalia picha muda mrefu kuliko wote.

"Kwa hivyo nilibeba friji bure," akasema.

Watu wakacheka, na kicheko kile kilimfungua Mama Ciru midomo. Alimwambia chumba chake bado kiko wazi, ila friji ajibebee mwenyewe, maana watoto wa ploti wamechoka. Mtu mmoja, ili kumchokoza zaidi, akasema tupime na nyumba yake mpya, tuone kama amehamia pazuri. Ilikuwa mzaha. Fundi Ndung'u hajui mzaha panapohusika timazi. Alikunja kamba, akavuka barabara, akapanda.

Kamba iliposhuka kutoka paa la kijani, nilikuwa chini na ndoo. Niliingiza shaba majini ikatulia. Fundi alishuka, akaja na kile kipande cha ubao akakiweka kati ya kamba na ukuta. Hakikufika ukutani. Akaweka kiganja chake pembeni ya ubao, bado hakikugusa. Akaweka na kiganja changu.

Ile nyumba ilikuwa imeinamia barabara, taratibu, mbele ya macho yetu wote. Nikakimbilia veranda ya Mama Ciru ng'ambo, nikaipiga kwa povu katikati. Kamba ilisimama, nyumba haikusimama. Hapo nikakumbuka ule mguu wa stendi nilioufanya mrefu.

Fundi alizungumza na wale waliokuwa karibu, kwa sauti yake ileile ya kulipia. "Toeni watoto kwanza," alisema. "Vyombo mtavirudia."

Hakuna aliyebishana, na hilo ndilo ninalolisifia Tassia mpaka leo. Walitoka kwa mstari, sakafu moja baada ya nyingine, Baba Brian akisimama kwenye ngazi akielekeza kama askari wa trafiki. Mama Ciru alifungua vyumba vyake vyote vilivyokuwa wazi na hata stoo ya mkaa. Mchana ule picha zote mbili zilizunguka kwenye kundi lilelile la WhatsApp. Wakaguzi wa majengo walikuja, wakapima kwa vyombo vyao, wakachora alama nyekundu ya msalaba kwenye ukuta wa kijani. Hakuna mtu aliyekuwa ndani. Mwenye nyumba alipiga kelele siku mbili, siku ya tatu alikuja kumshukuru Fundi kwa kumpa mkono. Nyumba ilishushwa kwa nyundo, tofali kwa tofali, na vumbi lake tulilifua kwenye mashuka kwa mwezi mzima. Baba Brian alirudi gorofa ya nne. Friji alibeba mwenyewe.

Baada ya hapo sikupumzika. Kila mwenye nyumba kuanzia Tassia hadi Donholm alitaka nije na timazi, na kila mpangaji mwenye wasiwasi alinisimamisha njiani kuniuliza nyumba yake ina homa ngapi. Nilimfundisha Fundi Ndung'u kutuliza povu juu ya kamera, naye akanifundisha kufunga kamba, na kwa miaka kadhaa tulitembea pamoja, yeye anapima, mimi napiga. Nyingi zilikuwa wima. Nne hazikuwa, na watu walitoka kwa wakati. Evans alijiunga nasi. Ni mzuri, muulizeni habari za kuinamisha simu atawapa hotuba ndefu kuliko hii.

Lakini mimi ni mtu wa kuondoka. Umri wa miaka arobaini na sita si mkubwa, ila magoti yangu yamepanda ngazi za gorofa nyingi zaidi ya umri huo, na kila niliposikia gari la kabeji likishusha sokoni nilijua liko njiani kurudi mahali. Fundi aliacha kazi kabla yangu, akaenda kulima Murang'a. Studio nimewaachia ninyi. Lenzi ya kumi na mbili iko kabatini, imefungwa kwa soksi, na Evans ndiye mwenye ufunguo. Nendeni nayo polepole, msiiazime kwa mtu wa harusi.

Siku niliyoondoka kwa kweli ilikuwa Jumapili. Nilikuwa naelekea Kitale, halafu nione. Nilipita Tassia kumuaga Mama Ciru nikiwa na begi begani na kamera moja, na lenzi ya zamani ya hamsini, kwa sababu ndiyo nyepesi. Alisema siondoki bila kumpigia nyumba. Nikamweleza kwamba lenzi ya nyumba nimeiacha Burma.

"Basi piga na hiyo," alisema, "si ni jicho pia."

Habari zikapanda ngazi kunishinda. Wapangaji wakatoka kwenye veranda zote sita, wengine na taulo, wengine na sahani ya chakula, nguo zimening'inia hazijatolewa, Baba Brian gorofa ya nne ameegemea kama mbunge. Mama Ciru akakaa langoni kwenye kiti cha plastiki na Evans akasimama kando yake. Niliinua kamera. Nikaona lango na Mama Ciru na nusu ya gorofa ya kwanza.

Nikarudi nyuma hatua moja, nikavuka barabara. Ikaingia gorofa ya pili. Nikarudi tena, nikajiandaa mgongo uguse ukuta kama ilivyokuwa miaka yote, na haukugusa. Ilikuwa ile ploti ya nyumba ya kijani iliyobomolewa, tupu, imeota majani na mahindi ya mtu. Ikaingia ya tatu. Nilitembea kinyumenyume kati ya mahindi, povu linacheza, gorofa zinaingia moja moja, mpaka paa likakaa ndani ya picha na mbingu kidogo juu yake, bila kamera kuinama hata kidogo.

"Bado?" Baba Brian aliuliza kutoka juu.

Nikamwambia tayari. Nikapiga mbili. Kisha kwa kuwa nilikuwa nimeshafika mwisho wa ploti, na njia ya kwenda stendi ya mabasi ilikuwa upande ule ule, nikawapungia mkono nikaendelea.